Mstari wa Pumzi

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mfikishie mkaza mjomba salamu zangu sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukifika mwisho wa barua husahau mwanzo wake. Mimi mzima. Mama naye hajambo. Goti limetulia tangu alipoacha kupanda ngazi kwa ubishi. Bado nakaa kwenye chumba kilekile cha ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri. Asubuhi nikifungua dirisha napokewa na harufu ya oili na mpira mpya, na ng'ambo ya barabara namwona dobi akinyoosha mashati meupe, shati baada ya shati, kama anayefunua kurasa.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Umesema mwenyewe simu inameza maneno. Na safari hii nina karatasi za kukutumia.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua ofisini kwetu tunachora herufi za magazeti na vitabu, na kwa miaka mitatu kazi yangu imekuwa kupanga matangazo madogo ya ukurasa wa nyuma. Mwezi uliopita aliniita mkuu wetu, mama mmoja tunayemwita Bibi Miwani kwa sababu ana miwani ya kichwani na ya shingoni na bado anatafuta ya tatu. Alisema kuna gazeti la picha linataka fonti mpya ya jalada na vichwa vya habari. Wanataka herufi kubwa za madaha, zenye unene na wembamba unaopishana sana. Si za kusomea habari ndefu. Ni za kutazamwa, kama mtu anayeingia ukumbini akijua amevaa.

Nikatoa mkobani zile karatasi ulizonipa nilipoondoka nyumbani, ulizochorea kibao cha duka la dawa. Alizitazama mpaka chai yake ikaota utando. Kisha akauliza, "Nani huyu?" Nikamwambia ni mjomba wangu.

Basi nimepewa kazi ya kutengeneza fonti nzima kutokana na mkono wako. Jopo la gazeti litakaa tarehe 20 Agosti. Wakiikubali, nakuwa mchora herufi. Wakiikataa, narudi ukurasa wa nyuma, na Bibi Miwani hajawahi kumpa mtu nafasi ya pili.

Hapa wanacheka nikitaja majina ya karakana yetu. Nimewaeleza kwamba mstari mnene tunauita nguzo, vile vikanyagio vya chini na juu ni viatu, na mstari mwembamba ni pumzi, kwa sababu unauchora umeshikilia pumzi kuanzia juu mpaka chini, na pumzi ikiisha kabla ya mstari unafuta na kuanza upya. Wamecheka, lakini jana nimemwona mmoja amefura mashavu mbele ya skrini.

Nimeambatanisha A, M, N na R. Zitie wino mwekundu bila huruma.

Ni mimi uliyekuwa ukinisimamisha juu ya kopo la rangi niweke nukta za i,
Nukta


25 Machi

Nukta,

Marahaba. Salamu nimezifikisha mapema kama ulivyoamuru. Mkaza mjomba wako anauliza unakula nini huko. Nimemwambia hujaandika, kwa hiyo huli. Paka amezaa ndani ya sanduku la vielelezo, juu ya kibao cha shule ya msingi, na hatujapata moyo wa kumhamisha. Yule jamaa wa ng'ambo ya barabara anayekata herufi za plastiki kwa mashine amepata kazi ya kituo cha mafuta. Alikuja kunipa pole. Nilimpa kiti kibovu.

Hapa tuna majira ya ajabu. Asubuhi mtaa mzima unakuwa kama umemwagiwa maziwa, na watu wanatoka humo polepole, kwanza rangi ya nguo, halafu sauti, mwisho ndiyo sura. Taa za dukani zimeota manyoya. Uani nguo zinaelea. Jana nililiona shati langu la kazi limesimama hewani, mikono imefunguka, halijashikwa na kitu. Nililitazama mpaka mkaza mjomba wako akaniuliza kama linanidai. Sikumbuki kuona uzuri wa namna hii nilipokuwa kijana. Labda nilikuwa na haraka.

Sasa kazi. Nguzo zako zimenyooka. Viatu vimekaa. Lakini binti, pumzi hazipo. A yako imesimama kwa mguu mmoja kama korongo. N ni gogo lililoanguka, halina hata jirani wa kuliinua. M sitaisema. Sijui mashine yenu inakula nini, lakini imekula mistari yangu. Ziongezee unene. Nimekuwekea alama nyekundu panapotakiwa kitu, na ni karibu kila mahali.

Usivunjike moyo. Marehemu fundi aliyenifundisha alinifutisha R moja kwa siku nane.

Mjomba wako


16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mkaza mjomba nakula, na kwamba swali lake limenifanya nipike. Mama amepata miwani mpya ya kusomea na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya chupa ya dawa ya kikohozi. Nyumbani kwake hakuna siri tena.

Nilipopata barua yako nilikwenda moja kwa moja kwenye printa. Nilidhani imeishiwa wino. Nikabadilisha wino, nikachapa tena, na kwangu mimi pumzi zilionekana, nyembamba kama ulivyonifundisha. Lakini wewe ndiye mwenye mkono. Nimeziongezea unene mara moja na nusu. Karatasi mpya ni hii.

Bibi Miwani amepita mezani kwangu akasimama. Amesema, "Imeanza kunenepa," akaenda zake.

Nina maswali mawili ya pembeni. Kile kibao cha mpiga picha, chenye R ndefu kuliko zote, bado kipo? Na mbona barua yako umeiandika kwa kalamu ya kuwekea alama magunia, tena ukiruka mstari kila baada ya mstari? Mwandiko wako ulikuwa unaingia kurasa mbili kwenye ukurasa mmoja.

Nukta


12 Mei

Nukta,

Marahaba. Sisi wazima. Watoto wa paka wamefumbua macho na wameanza kutembea juu ya kibao cha shule. Mmoja ana mguu wa rangi ya samawati. Mama yako amenipigia simu kunisomea gazeti lote.

Kuhusu kalamu, siku hizi zinatengenezwa bila wino. Ile nene niliikuta jikoni.

Kibao cha mpiga picha kipo. Nimepita mbele yake juzi. Kinapendeza kwa mbali, kama kitu kilichoandikwa ndani ya maji.

Pumzi bado. Unazikaribia, lakini bado. Ongeza. Nimekuchorea R yangu mwenyewe hapa chini, kwa brashi, nikiwa mlangoni kwenye jua la saa nne, uone ninachokitaka. Fuata hiyo, usifuate printa.

Nilimchorea fundi cherehani wa kona kibao kipya, cha herufi ndogo. Mke wake alitoka nje, akakitazama, akasema herufi za mwaka huu zimevaa makoti. Nilikusanya vyombo vyangu nikaondoka bila kunywa maji. Mtu ana haki ya kutojua herufi, lakini si ya kucheka akiwa mlangoni pake.

Nguo bado zinaelea.

Mjomba


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, nami sijambo, na habari za kikohozi chake amekwisha kukusomea mwenyewe. Kwa hiyo naingia kwenye jambo.

Nilifuata R yako. Nilinenepesha pumzi za fonti yote, herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, kazi ya wiki mbili. Nikaichapa kwa ukubwa wa jalada, nikaipeleka. Bibi Miwani aliibandika ukutani, akarudi nyuma hatua sita na kusema, "Hizi ni herufi za gunia la simenti." Hakusema kwa hasira. Kisha akaomba karatasi zako za zamani, za duka la dawa, akazibandika pembeni pamoja na R uliyonitumia. Akasema, "Mmoja kati ya hawa wawili si mjomba wako."

Nilibeba zote mbili nikaenda nazo dirishani. Niliiweka R mpya juu ya R ya zamani kwenye kioo, jua likipita nyuma. Nguzo zililingana kabisa, mkono wako haujatetemeka hata kidogo. Lakini pumzi inayounganisha tumbo na nguzo, ile ya zamani, inaingia mara tano ndani ya hii mpya. Nimepima kwa rula. Mara tano.

Nikarudi nyumbani nikasoma barua zako zote tena, kuanzia ya kwanza.

Mjomba, nguo haziwezi kuelea. Pale uani kuna uzi wa kuanikia. Niliufunga mwenyewe, wa kijivu, kutoka msumari wa dirisha la jikoni hadi bomba la maji, na Mama, aliyeulizia kwa simu, anasema haujakatwa. Uzi upo. Na pumzi zilikuwepo, tangu karatasi ya kwanza.

Ghorofa ya kwanza hapa anakaa muuguzi wa kliniki ya macho. Nilimweleza habari za maziwa ya asubuhi na taa zenye manyoya. Alinijibu bila kuinua uso kwenye beseni alilokuwa akifulia. Amesema huyo ni mtoto wa jicho. Anatolewa, na watu wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Akiachwa, ukungu unazidi mpaka mtu anabaki na mwanga tu, bila vitu.

Kosa ni langu pia. Nilikuwa na vipimo vyako mkononi na rula ikinionyesha ukweli, nikakuamini wewe kuliko rula.

Nenda hospitali, Mjomba. Nakuomba kama mtoto wako.

Nukta


27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Posta huchelewa, najua, lakini Mama anasema umemwambia kwa simu kwamba barua imefika na kwamba wewe ni mzima kuliko yeye.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe kwa namna nilivyosema. Nililolisema silirudishi.

Nimezirudisha pumzi zote kwenye wembamba, au nadhani nimezirudisha. Nimepunguza, nimepunguza tena, kisha mkono ukasita. Nimekuwa naogopa macho yangu mwenyewe. Nikitoka kazini nakagua nyaya za umeme barabarani, moja moja, kuhakikisha bado naziona.

Kabla ya jopo zimebaki siku hamsini na nne.

Nukta


10 Julai

Nukta,

Barua zako zote mbili zimefika. Marahaba kwa zote mbili.

Paa limevuja upande wa stoo. Paka amegawa watoto kwa majirani bila kutushirikisha. Jamaa wa plastiki amepata ufa kwenye kibao cha kituo cha mafuta, jua limemlia herufi mbili, nami nilimpelekea pole. Kiti alichonipa kilikuwa kizima, kwa hiyo bado anadaiwa ubaya.

Barua yako ya tarehe mbili sikuisoma. Nilisomewa na mkaza mjomba wako, kama zile mbili zilizotangulia, kwa kuwa siku hizi mwandiko wako umekuwa mdogo. Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo alivyokubali. Alipofika mahali pa uzi akaishia hapo. Aliweka barua mezani, akatoka uani, nikasikia vibanio vya nguo vinagongana. Alikuwa ameushika uzi. Aliporudi alikaa karibu nami, akasema, "Tangu mwaka jana unanishika mkono tukivuka barabara. Nilidhani ni mapenzi."

Nikamwambia ni mapenzi.

Akasema, "Ni mapenzi ya mtu asiyeona pikipiki."

Hakunisemesha siku mbili baada ya hapo, isipokuwa kunitajia vizingiti nisijikwae.

Sasa nikuambie neno moja kuhusu kazi, kwa sababu kazi ndiyo iliyokuleta. Kuchora pumzi sikuhitaji kuiona. Mkono unaijua. Ila mtu akishachora hutazama, na nilipotazama sikukuta kitu, nikapita tena juu yake. Mara nyingine mara tatu. Nilidhani rangi za siku hizi ni nyepesi.

Habari ya hospitali usiniulize tena. Kama una swali, niulize kuhusu R.

Mjomba


24 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mpe mkaza mjomba pole ya vizingiti. Mama anakohoa kidogo na kusoma sana. Dobi wa ng'ambo amebadilisha pasi. Hii mpya inatoa mvuke, na asubuhi duka lake lote linapotea mpaka yanabaki mashati tu. Nikiyatazama nakuelewa. Ni kweli yanapendeza.

Nina maswali kuhusu R.

Mguu wake wa mbele, ule mnene, unaanzia kwenye pumzi ya tumbo au kwenye nguzo? Kwenye karatasi ya duka la dawa unaanzia katikati, kama mtu aliyeamua kuondoka ghafla. Kwenye kibao cha shule unaanzia karibu na nguzo, kwa adabu. Nimechagua wa kuondoka ghafla. Nimekosea?

Kiatu cha mguu huo kinagusa sakafu au kinaelea kidogo? Nimekifanya kiguse.

Na tumbo, unalianza juu au chini? Nakumbuka ukianza juu, lakini nilikuwa nimesimama kwenye kopo na huenda niliona kila kitu kikianza juu.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo iliyofungwa. Ina karatasi moja na neno moja, jina nililoipa fonti. Limeandikwa kwa pumzi nyembamba kadiri nilivyothubutu. Ukiziona nguzo peke yake ni uzio tu, halisomeki. Usimpe mtu akusomee, na usiifungue kwa ajili ya kunifurahisha. Iweke sandukuni, paka ailalie. Siulizi kitu kingine.

Nukta


11 Agosti

Nukta,

Marahaba. Barua hii nimempa dereva wa basi, si posta, kwa sababu tarehe ishirini iko mlangoni. Mpe dereva shukrani. Ni mtu wa maneno machache na honi nyingi.

R kwanza. Mguu unaondoka ghafla, umechagua vizuri. Ule wa shule niliuwekea adabu kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Kiatu kinagusa. Tumbo linaanza juu. Kumbukumbu yako ni nzima.

Nilikwenda hospitali tarehe 31 Julai, nilipochoka kutajiwa vizingiti. Mkaza mjomba wako alinipeleka, na njiani nilimshika mkono bila kisingizio. Ukutani kule wana karatasi kubwa ya herufi, zinapungua kila mstari kuelekea chini. Nesi akafunika jicho langu moja, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona kazi mbaya. Herufi hazina viatu, na nafasi kati ya moja na nyingine imepimwa na mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani. Akasema, "Mzee, nakuuliza herufi, sikuulizi fundi." Nikamtajia mstari wa kwanza. Wa pili ulikuwa maziwa.

Wametengeneza jicho moja, la kulia. Haikuchukua muda wa kupaka kibao cha kinyozi. Waliniwekea kitambaa, na kesho yake wakakitoa. Kitu cha kwanza kuona kilikuwa uso wa mkaza mjomba wako, kwa karibu mno. Ana kovu dogo juu ya nyusi nililolisahau. Nilimwambia, akaniambia nifumbe.

Uani nilikwenda baadaye, peke yangu. Uzi upo.

Nitakuambia jambo ambalo sikulisema hospitali wala nyumbani. Kisu sikukiogopa. Nilichoogopa ni kutembea barabarani nikiwa na macho mazuri nikasoma nilichoandika. Miaka minne, Nukta. Vibao kumi na saba. Nimevihesabu kichwani kabla ya kutoka nje hata mara moja.

Barua yako ilifika juzi. Bahasha ndogo niliifungua mlangoni, saa nne, kwenye jua. Kwa jicho moja. Nimelisoma neno. PUMZI. Nililisoma kutoka mlangoni, kisha kutoka kwenye bomba la maji, kisha nikamshikisha mkaza mjomba wako karatasi nikaenda mpaka ng'ambo ya barabara, kwa jamaa wa plastiki, nikalisoma kutoka huko. Jamaa akauliza ni nini. Nikamwambia ni kazi.

Sasa sikiliza, na fanya haraka. Zimezidi. Pumzi ya U imezidi unene, na za M zote mbili, na mistari ya Z, ule wa juu na wa chini. Ulisita, naona mahali uliposita. Uliniachia kidogo ili nione. Usiniachie. Punguza theluthi moja, fonti nzima, usibakize hata herufi. Nguzo usiguse.

Mjomba wako, jicho la kulia


30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo wewe na jicho lako. Mama alipopata habari alikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu Aprili, halafu akauliza la kushoto lini.

Barua ilifika tarehe 13. Dereva alikataa kuniachia mpaka nimtajie jina la utani na sababu yake, kwa hiyo kituo kizima cha mabasi sasa kinajua habari za kopo la rangi.

Nilipunguza theluthi. Herufi zote, siku sita. Ya mwisho ilikuwa U. Niligundua nimeshikilia pumzi mbele ya skrini, mashine ambayo haijali napumua au sipumui.

Jopo walikuwa watano. Bibi Miwani alibandika jalada la mfano ukutani, neno moja kubwa, akazima taa za dari na kuacha dirisha peke yake. Mzee mmoja alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi, akarudi nyuma, akasogea tena. Akauliza mistari hii itachapika kweli, mbona imekaribia kutokuwepo. Bibi Miwani akamjibu, "Imekaribia. Ipo."

Wameichukua. Itaanza kutumika Januari. Kwenye fomu kuna sehemu ya jina la mchoraji, nimeandika majina mawili, lako likitangulia. Bibi Miwani alivaa miwani ya shingoni akasoma, akavua, akatia saini. Jumatatu nahamia meza ya dirishani.

Nimeomba likizo ya Desemba. Na vile vibao kumi na saba, umetoka kuviona?

Nukta


21 Septemba

Nukta,

Marahaba. Ona kwamba kalamu ni ya kawaida na sijaruka mstari. Jicho la kushoto ni mwezi ujao, tarehe nne. Paa limezibwa. Paka amerudi sandukuni na sipendi anavyotutazama.

Majina mawili ni sawa. Ningeanza na lako, lakini fomu imekwisha kutiwa saini.

Nilitoka. Nilikwenda na mkaza mjomba wako, asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Nilisoma vyote kumi na saba. Sitakuandikia nilichokiona, umekwisha kukipima kwa rula. Cha mpiga picha hakimo katika hesabu hiyo, nilikichora zamani, na nilisimama mbele yake mpaka mwenyewe akatoka kuniuliza kama nataka kupigwa. Pumzi ya ile R, binti. Sikujua kama niliwahi kuwa mtu wa namna hiyo.

Maziwa ya asubuhi yameisha. Mtaa umekuwa na kingo. Nguo uani zimetundikwa, basi, na uzi wenyewe ulikuwa umelegea katikati, nimeukaza. Nitakuwa mwongo nikisema silikumbuki lile shati.

Navipaka upya, kimoja kwa wiki, wenye navyo wapende wasipende. Nimeanza na cha fundi cherehani. Mke wake alitoka tena mlangoni, akatazama muda mrefu, akasema makoti yamevuliwa. Safari hii nilikunywa maji.

Kimekauka vizuri. Ila zile i mbili, ya fundi na ya cherehani, sijaziwekea nukta. Wapita njia wananisimamisha kuniuliza mbona nimezisahau. Nawaambia sikusahau, mwenye kazi hiyo anakuja Desemba. Kopo nimelisafisha.

Mjomba